Vilima Vyetu Vipewe Ulimi

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikiwa mwalimu katika shule moja ya msingi wilayani Kitui, niliwachukua wanafunzi wa darasa la sita kwenda kulitazama jiwe la Nzambani. Tulishika njia alfajiri kabla ya jua kukaza, kila mtoto na chupa yake ya maji na kiazi kitamu mfukoni. Tulipofika chini ya jiwe lile, ambalo limesimama peke yake juu ya mashamba kama nyumba isiyo na mlango, niliwasimulia yale ambayo kila mtu wa Kitui huyajua. Niliwaambia kwamba msichana mmoja aitwaye Nzambani alikwenda kutafuta kuni, akaegemea jiwe dogo ili apumzike, na alipotaka kuinuka akakuta ameshikwa nalo. Jiwe likazidi kukua hata likammeza. Nikaongeza kwamba alizungukaye jiwe hilo mara saba hubadilika, mwanamume akawa mwanamke na mwanamke akawa mwanamume. Watoto walicheka sana. Wavulana wawili walianza kulizunguka kwa mbio, na walipomaliza mara ya sita wakasita.

Hapo ndipo msichana mmoja, ambaye hakuwa msemaji darasani, aliponiuliza: "Mwalimu, hadithi hiyo nimeisikia kwa nyanya. Lakini jiwe lenyewe lilitoka wapi? Mbona huku kote ni mchanga na jiwe ni hili moja?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba jambo hilo tutalisoma siku nyingine katika somo la Jiografia, Historia na Uraia, ilhali nilijua fika kwamba halikuwamo katika kitabu nilichokuwa nikifundishia. Hakuuliza tena, si siku ile wala siku nyingine. Nimestaafu sasa, na katika mambo ambayo ningependa kuyarudia katika kazi yangu, la kwanza ni lile swali.

Nimelikumbuka kisa hiki kwa sababu siku hizi kuna mazungumzo mengi juu ya kuvitengeneza vilima vyetu ili vivutie wageni. Katiba ya mwaka 2010 iliziachia kaunti shughuli za utalii wa mashinani, makumbusho na bustani za kaunti, na tangu serikali hizo zilipoanza kazi mwaka 2013, kila mwenye kilima anatamani kukifungulia mlango. Ni jambo jema. Lakini mlango ukifunguliwa, nani atakayemkaribisha mgeni na kumwambia alipo? Hapo ndipo inapokuja kazi ya vibao vya maelezo na njia za miguu, kazi ambayo wengi huiona ni ya fundi wa rangi na mpiga jembe. Mimi nadai kwamba ni kazi ya mwalimu.

Nimepanda vilima kadhaa vya Ukambani nikiwa na fimbo yangu, nami nimegundua kwamba vibao tulivyo navyo aghalabu ni vya aina mbili. Aina ya kwanza ni kibao cha askari: usipande, usitupe, usichume, usiwashe moto. Aina ya pili ni kibao cha mfanyabiashara, ambacho humweleza mgeni kwamba mahali hapa ni pazuri kuliko pote, kana kwamba mgeni hana macho. Kwenye kilima kimoja nilikuta ubao mkubwa uliojaa aya nne za Kiingereza cha kitaalamu, herufi ndogo kama za gazeti, umewekwa juu kiasi kwamba mtoto wa darasa la nne asingeufikia hata akisimama juu ya jiwe. Mwanamke aliyekuwa akiteremka na mzigo wa kuni alipita karibu nao bila kuugeuzia uso. Nilimwuliza umeandikwa nini, akanijibu: "Ni mambo ya wageni, mwalimu." Naye ndiye aliyezaliwa chini ya kilima kile.

Ndugu msomaji, elimu ya jambo hili ipo, tena si ngeni. Mwaka 1957 Mmarekani mmoja, Freeman Tilden, aliandika kitabu juu ya namna ya kuwaeleza watu mazingira na urithi wao katika mbuga za taifa za nchi yake. Fundisho lake kuu ni kwamba kusudi la maelezo ya namna hii si kumjaza mtu habari bali kumwamsha, ili akiondoka awe na swali lake mwenyewe. Kabla yake, mwaka 1925, mtaalamu wa wadudu aitwaye Frank Lutz alitengeneza njia ya miguu msituni katika jimbo la New York, akatundika vijibao kando ya miti na mawe. Kilichonifurahisha mimi kama mwalimu ni kwamba Lutz alitengeneza njia mbili. Katika njia ya kwanza vibao vilieleza. Katika ya pili vibao viliuliza, na mpitaji akajipima mwenyewe kama amejifunza. Ni nani kati yetu walimu asiyeielewa busara hiyo? Ni somo na zoezi lake, isipokuwa ubao ni msitu.

Basi natuyalete mafunzo hayo nyumbani, tuone kibao cha Nzambani kingesema nini.

Wanajiolojia wanatufundisha kwamba miamba ya Kitui ni ya kale mno. Ilipikwa kwa joto na kugandamizwa chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, wakati ambapo duniani hapakuwa na mti wala mnyama wa nchi kavu. Baadaye mvua, jua na mito vilianza kuila nchi polepole. Mawe dhaifu yalimeng'enyuka yakawa mchanga na udongo, ukachukuliwa na maji. Sehemu ngumu zikabaki zimesimama. Jiwe la Nzambani ni mojawapo ya mabaki hayo. Kwa hiyo halikuota kutoka chini; ni nchi iliyolizunguka ndiyo iliyoshuka.

Tazama sasa jinsi elimu hii inavyokutana na hadithi ya nyanya. Wazee walisema jiwe lilikua. Wataalamu wanasema ardhi ilishuka. Wote wawili waliona jambo lile lile, yaani kwamba jiwe hili na nchi inayolizunguka vimekuwa vikiachana. Kibao changu kingekuwa na maneno machache tu: "Wazee husimulia kwamba jiwe hili lilikua. Wanajiolojia husema kwamba ardhi ndiyo iliyoshuka. Likiguse jiwe, kisha utazame mashamba yaliyo chini. Udongo uliokuwa hapa zamani umekwenda wapi?" Hadithi isichanganywe na sayansi, wala moja isitumiwe kuidhihaki nyingine. Kila moja itajwe kwa jina lake, na mtoto aachiwe swali. Laiti ningekuwa na kibao hicho siku ile, ningesimama karibu na yule msichana tukakisoma pamoja, na heshima yangu isingepungua hata kidogo.

Nzambani si pekee. Twende Makueni, kwenye kilima cha Nzaui. Mapokeo ya Wakamba husimulia kwamba Mulungu aliwaweka mtu wa kwanza na mkewe juu ya mwamba wa kilima hicho, na kwamba nyayo za watu na za mifugo zilibaki mwambani. Mwaka 1895 wamishonari wa African Inland Mission, wakiongozwa na Peter Cameron Scott, walijenga kituo chao cha kwanza papo hapo Nzaui. Scott alifariki Desemba 1896, muda mfupi baada ya kazi kuanza. Kilima kimoja, basi, kinabeba masimulizi mawili ya mwanzo: mwanzo wa watu na mwanzo wa kanisa ambalo leo lina waumini wengi katika nchi hii. Kibao kinachotaja moja na kulificha jingine kitakuwa kimewanyang'anya wanafunzi nusu ya historia yao.

Kadhalika kuna mwinuko wa Yatta, ule ukuta mrefu unaoandamana na mto Athi hadi ndani ya Tsavo. Wengi wetu tumeukata kwa basi bila kujua kwamba ni mmoja wa mikondo mirefu zaidi ya lava duniani, wenye urefu wa kilomita zipatazo 300. Yapata miaka milioni 13 iliyopita, lava ya moto ilitiririka ndani ya bonde la mto wa kale ikaganda humo. Kwa kuwa lava hiyo ilikuwa ngumu kuliko kingo za bonde, kingo zikaliwa na mvua zikaisha, na lava ikabaki juu. Bonde likageuka mlima! Mwalimu anayetaka kuwafundisha wanafunzi mmomonyoko hahitaji picha ya nchi za mbali.

Na kuna somo lililo ndani ya jina la nchi yenyewe. Tarehe 3 Desemba 1849, mmishonari Mjerumani Ludwig Krapf, akiwa mgeni wa mfanyabiashara mashuhuri Kivoi huko Kitui, alitazama kaskazini-magharibi akauona mlima wenye theluji, ulio mbali kwa zaidi ya kilomita 100. Wenyeji wake walikuwa wakiujua mlima huo tangu zamani, nao waliuita kwa lugha yao Kiinyaa. Krapf aliliandika jina kama alivyolisikia, na kutokana na maandishi hayo dunia ikajifunza kusema Kenya. Wasomi wa Ulaya walikataa kwa miaka mingi kuamini kwamba kuna theluji karibu na Ikweta. Kibao cha kueleza hayo hakihitaji zaidi ya mshale unaoelekea kwenye mlima na sentensi tatu. Mtoto wa Kitui akisimama hapo asubuhi isiyo na mawingu, ataelewa kwamba jina la taifa lake lilipitia kinywani mwa mababu zake. Mimi mwenyewe nililijua hilo nikiwa na umri wa miaka thelathini, tena kwa bahati.

Nisemeje juu ya njia zenyewe? Njia ni mwalimu wa kwanza, maana humfundisha mtu kwa miguu kabla kibao hakijamfundisha kwa macho. Njia nyingi za vilima vyetu zimenyooka moja kwa moja kutoka chini hadi juu, kwa sababu kila mtu hutaka kufika upesi. Mvua ya Novemba ikinyesha, maji nayo huitumia njia hiyo hiyo kuteremka upesi, na baada ya misimu michache njia imekuwa korongo. Ajabu ni kwamba watu wa Ukambani ndio waliopaswa kuwa wa mwisho kufanya kosa hilo. Mwaka 1937 afisa wa kuhifadhi udongo, Colin Maher, aliandika ripoti ya kutisha juu ya nchi hii iliyokuwa ikigeuka jangwa. Tangu miaka ya 1950 wakulima wa iliyokuwa wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo iliijumuisha Makueni, walichimba matuta kwa kufuata usawa wa mteremko, wakirusha udongo upande wa juu wa mtaro. Jina la Kiswahili la mtindo huo, fanya juu, sasa limo katika vitabu vya kilimo vya Kiingereza duniani kote. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba watu wa Machakos walikuwa wameongezeka mara kadhaa tangu miaka ya 1930, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua.

Kwa hiyo njia ya kilima itengenezwe kama tuta. Ipite kwa mzunguko ikikata mteremko ubavuni, ipande kidogo kidogo, na kila baada ya hatua kadhaa iwe na mfereji wa mawe wa kuyatupa maji kando. Pale ambapo haina budi kupanda wima, ijengwe ngazi za mawe. Na pale inapogeuka kuyatazama mashamba ya Mbooni au Kilungu, kiwekwe kibao cha kueleza matuta yanayoonekana ng'ambo, yalichimbwa vipi na kwa jembe la nani. Mwanafunzi atakuta kwamba nyanya yake naye ni sehemu ya sayansi.

Vibao vyenyewe visiwe vya anasa. Chuma huibwa kikauzwa kama chuma chakavu, ubao wa kawaida huliwa na mchwa, na rangi huchujuka kwa jua letu. Lakini tuna jiwe, na tuna mukau, mti wa kwetu ambao mbao zake mchwa huzishindwa. Tuna pia mafundi: wachongaji wa Ukambani wamejulikana kote duniani tangu enzi za Mutisya Munge, aliyeuleta ufundi huo Wamunyu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Kibao kimoja kibebe wazo moja. Maneno yasizidi sitini. Kiinamishwe kidogo, kisimame kwenye kimo cha kiuno cha mtu mzima, ili mtoto akisome bila kunyanyua shingo.

Kuhusu lugha, Katiba yetu katika kifungu cha 7 imekwisha kukata shauri: Kiswahili ni lugha ya taifa, Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi, na serikali ina wajibu wa kuendeleza lugha za wenyeji. Basi vibao vya vilima vya Kitui na Makueni vianze na Kikamba, kisha Kiswahili, kisha Kiingereza. Simdharau mgeni wa mbali. Nasema tu kwamba yeye hupita mara moja, ilhali mama mwenye mzigo wa kuni hupita kila siku. Majina ya miti yaandikwe jinsi yanavyoitwa na wachungaji, na jina la kisayansi lifuate. Msomi akilikosa jina la wenyeji, hataweza kuwauliza wenyeji kitu.

Hata hivyo, si kila mahali panapofaa kibao. Katika vilima hivi kuna mathembo, zile sehemu takatifu chini ya mikuyu, mahali ambapo wazee waliomba mvua. Kuna wazee ambao hawataki mahali hapo paelekezwe njia, na wana haki. Kabla ya kuchimba shimo la nguzo, waulizwe. Wakisema hapana, njia ipinde ipite mbali, na kimya hicho kiheshimiwe. Kujua mahali pa kunyamaza ni sehemu ya elimu pia.

Najua wako watakaoniambia: "Mzee, watu wetu hawana maji, nawe unazungumzia vibao!" Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau. Lakini hebu tuitazame milima ya Chyulu, ambayo sehemu yake imekuwa mbuga ya taifa tangu 1983. Ni volkano changa, iliyolipuka mara ya mwisho katika karne ya 19, na ndani yake mna pango la lava la Leviathan lenye urefu wa zaidi ya kilomita 11, miongoni mwa marefu zaidi duniani. Milima hiyo haina mto hata mmoja wa kudumu. Mvua na ukungu hunywewa na mawe yenye vitundu, maji yakasafiri chini kwa chini, yakatokea kwenye chemchemi za Umani na Makindu, na Mzima ndani ya Tsavo Magharibi, ambako tangu miaka ya 1950 bomba limekuwa likiyapeleka Mombasa. Mtu anayekata miti ya Chyulu ili achome makaa haoni mto anaouua, kwa sababu mto huo haupiti mbele ya macho yake. Ni nani atakayemwonyesha, kama si njia na kibao na mwalimu? Watu wasipofundishwa maji yanatoka wapi, hakuna kisima kitakachowatosha.

Nahitimisha kwa kuwaomba walimu wenzangu mliomo darasani. Mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2019 unawataka wanafunzi wajifunze kwa kutenda na kutoka katika jamii yao. Msingoje kaunti itoe zabuni. Watumeni wanafunzi kwa wazee wakayaandike masimulizi ya kilima kilicho karibu, pamoja na majina ya mawe na miti. Mwalimu wa sayansi ayapime, mwalimu wa Kiswahili ayafupishe hadi maneno sitini, kisha yarudishwe kwa wazee wayasikilize na kuyasahihisha. Kaunti nazo, zitakapotenga fedha za vibao, zianzie kwenye madaftari hayo kabla ya kumwita mkandarasi. Fanyeni upesi, maana wazee wanaojua jina la kila jiwe wanatutoka kila mwaka, na kilima hakiwezi kujisimulia.

Nanyi wanafunzi, mkipelekwa kwenye kilima mkaambiwa hadithi, isikilizeni kwa heshima hadi mwisho. Kisha ulizeni kama alivyouliza yule msichana. Mwalimu wenu akikosa jibu, msinyamaze kama yeye alivyonyamaza. Mwambieni mkalitafute pamoja.